Shajara ya mikono: msimu wa besiboli wa watoto wetu, Louisville

Februari, theluji bado imelala uwanjani

Nafungua shajara hii kwa ajili ya wazazi wa timu yetu, na kwa mzazi yeyote anayesoma Kiswahili ambaye mwanawe ameingia kwenye besiboli ya Marekani na yeye hajui aanzie wapi kuuliza. Wako wengi. Hapa Louisville, Kentucky, familia kutoka Kongo, Burundi na Tanzania zimeongezeka, watoto wanaupata mchezo shuleni, na siku moja kocha anakuja kukwambia mtoto ana kipaji, angefaa timu ya kusafiri. Maana yake ni timu inayogharamiwa na wazazi, inayohama mji hadi mji kila wikendi ya kiangazi kutafuta mashindano.

Timu yetu ni ya miaka 12 kushuka chini. Ina watoto kumi na wawili, na watano kati yao wanazungumza Kiswahili nyumbani. Kocha anapanga nani acheze wapi, baba mmoja anashika fedha, mimi nimekabidhiwa daftari la warushaji. Saa yoyote nitakayoulizwa, niweze kusema kila mtoto amerusha mipira mingapi, lini, na ni siku gani ataruhusiwa kurusha tena.

Lengo la mradi tumeliandika kwenye kikao cha wazazi: tunaanza na watoto wanne wanaoweza kurusha wakiwa juu ya kilima, tufike mwisho wa Julai tukiwa na tisa.

Kwa aliyekulia kwenye soka, nieleze kwa ufupi. Mrushaji anasimama kwenye kilima kidogo cha udongo katikati ya uwanja. Mbele yake, futi 50 kwa umri huu, yaani mita 15 hivi, yuko mpigaji mwenye gongo, na nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji. Mrushaji akishawatoa wapigaji watatu, timu zinabadilishana zamu. Kila timu ikishapiga mara moja, awamu moja imekwisha, na mechi ya watoto wa umri huu ni awamu sita. Kila mpira unaochezwa unaanzia mkononi mwa mrushaji, ndiyo maana uchovu wake unaiangusha timu nzima.

Sasa hesabu. Mashindano ya wikendi kwa kawaida ni mechi mbili za makundi Jumamosi, halafu mtoano Jumapili. Ukiendelea kushinda Jumapili, unacheza tatu. Jumla tano. Mtoto wa miaka 12 aliye katika siku njema hutumia mipira kama 15 kumaliza awamu moja. Siku ikiwa mbaya, 30. Hata ukizingatia kwamba mechi nyingi hukatwa na saa kabla ya awamu ya sita, timu inayofika fainali imerusha mipira zaidi ya 350 ndani ya siku mbili. Gawanya kwa watoto wanne. Kila mmoja karibu 90.

Mwongozo tunaoufuata unaitwa Pitch Smart, uliotolewa mwaka 2014 na Ligi Kuu ya besiboli pamoja na USA Baseball, shirikisho la besiboli la Marekani. Kwa miaka 11 na 12, mwisho kwa siku ni mipira 85. Mtoto akirusha mipira 20 au pungufu, anaweza kurusha tena kesho. Kuanzia 21 hadi 35, apumzike siku moja. 36 hadi 50, siku mbili. 51 hadi 65, siku tatu. 66 na kuendelea, siku nne. Kwa hiyo mtoto aliyetupa ushindi Jumamosi kwa mipira 70, Jumapili hayupo kwa kazi hiyo, na Jumatatu hayupo, mpaka Alhamisi jioni.

Hesabu hii haina uchochoro wa kupenya. Ama tunaongeza mikono, yaani warushaji, ama tunaitumia hii minne mpaka iharibike.

Machi, ndani ya ukumbi wa shule

Mazoezi yako ndani kwa sababu ya baridi. Kocha ametandika sakafuni sahani, ile alama bapa ya mahali anaposimama mpigaji, akachora kisanduku ukutani kwa gundi ya karatasi, na kila mtoto, narudia, kila mtoto, anapita pale. Wazazi wawili wameuliza kwa nini watoto wao, warushaji hodari, wanasubiri foleni nyuma ya wale wasiojua. Kocha amewajibu kwamba wao ndio watakaonufaika zaidi na foleni hiyo ifikapo Juni.

Namuunga mkono kwa moyo wote. Nilikulia Tanga nikicheza rede, na kwenye rede hakuna aliyeambiwa kwamba kazi yake ni kukwepa tu. Aliyekuwa katikati alitoka, akashika mpira, akarusha, awe na nguvu au asiwe nazo, na wale tuliowadharau ndio mara nyingi waliolenga vizuri. Hapa nimekuta utaratibu mwingine: mtoto akiwa na miaka 8 na kimo kikubwa anapandishwa kilimani, anabaki huko, na wenzake wanapelekwa mbali uwanjani wakaamini kurusha si kazi yao. Wakifika 12 hakuna aliyewahi kuwaona.

Kinachopimwa si kasi. Baba mmoja alileta kifaa cha kupima kasi ya mpira na kocha alimwomba kwa adabu akirudishe garini, maana mtoto akishaona namba anaanza kushindana nayo kwa mwili mzima. Tunachopima ni mipira mingapi kati ya kumi imepita ndani ya kisanduku. Anayefikisha sita anaandikwa jina lake kwenye ukurasa wa pili wa daftari. Kufikia mwisho wa Machi ukurasa una majina mawili mapya.

Aina za mipira ni mbili tu: ule wa moja kwa moja, na ule wa pole, unaorushwa kwa mkono uleule lakini unafika umechelewa. Mpira wa kupinda hapana. Mwongozo unasema hivyo kwa umri wao, na kocha hajadili.

Aprili, Elizabethtown

Mashindano ya kwanza. Elizabethtown iko kusini mwa hapa, chini ya saa moja kwa barabara ya I-65. Asubuhi ilikuwa baridi kiasi kwamba mpigaji akigusa mpira vibaya, gongo la aluminiamu linamtetemesha mpaka viwikoni.

Mkono wetu wa tano ulianza mechi ya pili. Sheria ni kwamba mrushaji akikosa kisanduku, ambacho uwanjani ni cha kuwaziwa tu, mara nne, mpigaji anatembea bure hadi besi ya kwanza. Wapigaji watatu mfululizo walitembea. Besi zikajaa. Nilikuwa nimekaa nyuma ya wavu, kihesabio kidoleni, nikiwasikia watu wetu wakinong'ona kwamba atolewe. Kocha alitembea mpaka kilimani, akasema naye kidogo, akarudi kuketi. Mtoto alirusha mpaka mpira wa 35, akatoa watu wawili, akaruhusu mikimbio mitano (mkimbio ni pointi, mchezaji akizunguka besi zote hadi nyumbani), akatolewa kwa sababu daftari lilisema basi. Tulifungwa.

Naiandika mechi ile kama hatua ya mbele. Kilima hakifundishwi ukumbini. Jumapili asubuhi kijana yuleyule aliniuliza amebakiza mipira mingapi, nikamwambia leo hakuna, amepumzishwa siku moja, akakasirika. Hasira ile ndiyo niliyoitaka.

Jambo la wazazi: mikimbio tunayoruhusu Jumamosi inahesabiwa hata tukishindwa, kwa sababu timu zikilingana ushindi, nafasi ya Jumapili hupangwa kwa nani ameruhusu mikimbio michache. Kwa hiyo msikae mkasema mechi imekwisha. Mkono mpya anayeingia tukiwa nyuma kwa mikimbio minane bado ana kazi ya kweli.

Mei, mwanzoni

Hapa nimekutana na shida kubwa kuliko zote, na sikuitarajia itokee upande huu.

Mmoja wa wale wanne wa kwanza alianza Jumamosi akiwa mzito. Mipira ilikuwa inakwenda juu, kiwiko kinashuka. Kwenye daftari langu hakuwa amerusha tangu wikendi iliyopita. Nilimwita mama yake pembeni. "Dada, huyu wiki hii amefanya nini?" Akanijibu bila kuficha: Alhamisi alicheza kwenye ligi ya mtaa, akarusha awamu nne. Hakuna aliyehesabu mipira, kule wanahesabu awamu.

Hakufanya kosa lolote. Ligi ya mtaa ina daftari lake, sisi tuna letu, na kila daftari peke yake liko safi. Mwili wa mtoto ndio unaojumlisha.

Mashindano mengi ya kusafiri nayo yanahesabu awamu, si mipira. Lakini awamu inaweza kumalizika kwa mipira 9 na inaweza kumalizika kwa 35, na kitabu kitaandika vilevile: moja. Mtoto anaweza kuwa ndani ya sheria ya mashindano na nje kabisa ya mwongozo wa madaktari.

Kuanzia wiki hiyo tumebadilisha utaratibu. Daftari ni la mtoto, si la timu. Ijumaa kabla ya saa tatu usiku kila mzazi ananitumia ujumbe: mtoto amerusha wapi wiki hii, mipira mingapi, na kama amekaa nafasi ya mdakaji. Kama ligi ya mtaa haikuhesabu, mzazi anahesabu mwenyewe kwenye simu. Familia zinazotumia Kiswahili zinanitumia sauti, wengine wanaandika. Zipo nyumba ambazo baba anafanya kazi ya usiku kwenye ghala la vifurushi la uwanja wa ndege na mama anaamka alfajiri, na bado ujumbe unafika. Ninawashukuru hao kuliko wote.

Kuhusu mdakaji: yeye anarudisha kila mpira unaorushwa, na mara kwa mara anautupa kwa nguvu mpaka besi ya pili kumzuia mkimbiaji anayeiba, yaani anayeichomokea besi bila mpira kupigwa. Mtoto aliyerusha hapandi kilimani halafu akavaa vifaa vya mdakaji mechi hiyohiyo. Tulikuwa na watoto wawili waliozoea kufanya hivyo tangu wadogo. Sasa tunafundisha mdakaji wa tatu.

Mei, wikendi ya Memorial Day, Bowling Green

Fupi. Bowling Green imo Kentucky hiihii lakini saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Mechi ya saa mbili asubuhi kule ni saa tatu huku kwetu. Waliosahau walifika mapema, watoto wakalala garini, wakacheza vizuri kuliko walioamshwa hotelini.

Mikono sita. Tumetolewa robo fainali. Hakuna mtoto aliyevuka 50 wikendi nzima.

Juni, Grand Park

Westfield, kaskazini ya Indianapolis, kuna bustani ya michezo inayoitwa Grand Park iliyofunguliwa 2014. Viwanja 26 vya besiboli na softiboli, vimepangwa kwa duara kama petali. Watoto waliposhuka garini walinyamaza. Mimi pia.

Jumamosi tulishinda zote mbili. Ya pili ilibebwa na kijana wetu mrefu, yule ambaye kila timu jirani inamjua. Alianza vizuri mno, akawa anaelekea kumaliza awamu ya tano. Nilionyesha kidole kwa kocha alipofika 50, nikaonyesha tena 60. Alitolewa kwenye 62. Siku tatu za kupumzika. Kila mzazi aliyesoma jedwali alijua kwamba Jumapili hatakuwapo.

Jumapili tulishinda ya kwanza, tukaingia nusu fainali. Awamu ya mwisho tulikuwa mbele kwa mkimbio mmoja. Kilimani alikuwa mkono wa sita, amechoka, amebakiza mipira michache. Mrefu alikuwa amesimama besi ya kwanza, mzima, anacheka. Sheria ya mashindano, inayohesabu awamu, ilimruhusu.

Baba yake alikuja nyuma ya wavu. Ni mtu wa heshima na tunapendana, naandika haya kwa idhini yake. Akaniambia, "Mama, awamu moja tu. Mipira 15. Mtoto mwenyewe anataka." Nikamwambia, "Kaka, mimi siamui, mimi nasoma tu. Imeandikwa Jumatano." Akamwangalia kocha. Kocha alikuwa amesikia. Akamwita mkono wa saba, mtoto ambaye alikuwa hajawahi kurusha awamu ya mwisho ya mechi yoyote.

Tulifungwa kwa mikimbio miwili. Mkono wa saba alitoka kilimani analia, na mrefu ndiye aliyemfuata akamshika bega.

Jioni ile kwenye maegesho kulikuwa na maneno. Nimeona niyajibu hapa kwa utulivu, kwa sababu yalisemwa na watu wenye nia njema.

Mfupa wa mtoto haujamaliza kukua. Upande wa ndani wa kiwiko kuna sehemu ya ukuaji, gegedu laini ambalo bado halijawa mfupa kamili. Kila mpira unaorushwa kwa nguvu unauvuta upande huo. Kwa mtu mzima kinachochanika ni kano ya kiwiko. Kwa mtoto, gegedu ni dhaifu kuliko kano, kwa hiyo ndilo linaloanza kuumia: linavimba, likiendelea kuvutwa linapanuka, na likizidi linaweza kung'oka na kipande cha mfupa. Madaktari wa hapa wanakiita kiwiko cha Little League, kwa jina la ligi kubwa ya besiboli ya watoto, kwa sababu wamekiona mno kwa watoto wa umri huu. Dawa yake ya kwanza ni kuacha kurusha, kwa wiki nyingi, wakati mwingine miezi.

Watafiti wa taasisi ya tiba ya michezo ya Birmingham, Alabama, waliwafuata warushaji 481 wenye umri wa miaka 9 hadi 14 kwa miaka kumi, wakatoa matokeo mwaka 2011. Waliorusha zaidi ya awamu 100 ndani ya mwaka mmoja walikuwa na hatari ya kuumia vibaya mara tatu na nusu ya wenzao. Kuumia vibaya walimaanisha kufanyiwa upasuaji wa kiwiko au bega, au kuacha kurusha kabisa.

Wengine walisema, hata akiumia kuna ule upasuaji, wachezaji wakubwa wanarudi. Ni kweli. Tarehe 25 Septemba 1974 Dkt. Frank Jobe alimfanyia Tommy John upasuaji wa kwanza wa aina ile, akachukua ukano kutoka mkono mmoja akaushonea kwenye kiwiko cha mkono mwingine. John alirudi kilimani 1976 na akacheza mpaka 1989. Lakini alikuwa mtu mzima, mwenye timu inayomlipa na madaktari wanaomsindikiza kila siku. Aliukosa msimu mzima wa 1975. Mtoto wa darasa la sita tumwambie nini kuhusu msimu mzima?

Nikiulizwa tena nusu fainali ileile, nitasoma daftari vilevile.

Juni, katikati ya wiki

Fedha. Ada za mashindano, mipira, bima, waamuzi: mweka hazina ameonyesha kwamba familia mbili hazitaweza kumaliza awamu ya pili ya malipo. Jumamosi ambayo hatukuwa na mechi akina mama tulikaanga sambusa na maandazi tangu alfajiri, tukauza nje ya ukumbi baada ya ibada. Yaliisha kabla ya saa saba mchana. Deni limelipwa, na hakuna mtoto aliyeambiwa ni deni la nani.

Kulikuwa na pendekezo kwamba tujiandikishe kwenda Cooperstown, New York, penye Jumba la Kumbukumbu la besiboli lililofunguliwa 1939. Timu za miaka 12 kutoka nchi nzima huenda kule kukaa wiki nzima, watoto wanalala pamoja mabwenini na kubadilishana beji za timu zao. Ni safari nzuri, na watoto wanaiongelea. Lakini gharama ya mtoto mmoja inazidi dola 1,000, na sisi tuna familia zinazohesabu mafuta ya gari. Tumekataa. Badala yake watoto tuliwapeleka Main Street, hapahapa mjini, kwenye jumba la Louisville Slugger, ambako gongo la chuma lenye urefu wa futi 120 limeegemezwa ukutani. Ndani wanaona mti unavyochongwa ukawa gongo, na mbao zinaruka.

Njiani mwanangu aliuliza kama kuna Mwafrika aliyewahi kufika Ligi Kuu. Nilimwonyesha kwenye simu Gift Ngoepe wa Afrika Kusini: tarehe 26 Aprili 2017, Pittsburgh, mzaliwa wa kwanza wa Afrika kuingia, na mara yake ya kwanza kushika gongo akaupiga mpira akafika besi. Kijana mwingine, wazazi wake walipitia Uganda kabla ya kuja huku, akasema anajua kwamba timu ya watoto wa Lugazi ilifika Williamsport 2012, ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali zile za dunia za Little League. Alijua hata kwamba walishinda mechi moja. Sikujua kama anajua. Garini ilibidi aisimulie mara mbili.

Julai, joto

Sasa adui ni jua na radi. Kentucky Julai hewa inakuwa nzito kama mvuke wa sufuria, na mtoto anayevaa vifaa vya mdakaji anatoka amelowa. Tunabeba mataulo kwenye boksi la barafu, kila awamu shingoni.

Radi ikisikika, kila mtu anaondoka uwanjani, na mchezo haurudi mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Ikinguruma tena, saa inaanza upya. Kwa daftari hili ni jambo kubwa. Mrushaji aliyekuwa na mipira 28 akakaa kibandani zaidi ya saa nzima, misuli imepoa. Kumrudisha ni kama kuanza mechi mpya na namba za zamani. Kocha na mimi tumekubaliana kwamba mapumziko yakizidi saa moja, mkono ule umefungwa kwa siku hiyo hata kama jedwali linamruhusu.

Mikono minane. Wa nane namtaja kwa furaha. Ni mdogo kuliko wote kwa mwili, familia yake ni ya Bukavu, na tangu Machi alikuwa mbali uwanjani akichezea nyasi. Mpira wake ni wa pole. Hata ule wa moja kwa moja ni wa pole. Wapigaji wakubwa waliozoea kasi wanauzungushia gongo mapema, wanaupiga chini, unabingirika kwa walinzi wetu. Awamu zake ni fupi. Mechi yake ya kwanza alimaliza awamu mbili kwa mipira 19, maana yake kesho yake yuko tayari. Mama yake, ambaye huwa hasemi uwanjani, alisimama akapiga vigelegele, na upande wa wageni wakageuka wote kutazama.

Mtoto aliyekuwa wa tisa kwenye orodha amekuja kwa kocha mwenyewe akasema hapendi. Tumbo linamuuma kila akipanda kilimani. Anapenda besi ya tatu. Kocha amemshukuru kwa kusema na jina lake limeondolewa kwenye ukurasa wa pili. Tutabaki na minane.

Mmoja wa wale wanne wa mwanzo amelalamika bega baada ya mazoezi. Hatukusubiri limuume tena: amepumzishwa kurusha, daktari wa watoto amemwona, hakuna kilichochanika. Anapiga na kukimbia tu.

Julai, wikendi ya mwisho, kusini mwa Indiana

Tumecheza mechi zote tano.

Mgawanyo ulivyokuwa: Jumamosi mikono minne, hakuna aliyezidi 45. Jumapili asubuhi mrefu, ambaye Jumamosi hatukumgusa kabisa, alirusha awamu nne. Nusu fainali ikaendeshwa na wa tano na wa sita. Fainali aliianza mtoto wa Bukavu, kwa sababu Jumamosi alikuwa amerusha mipira 17 tu, na wa saba, yule aliyelia Grand Park, alipewa awamu za mwisho.

Timu tuliyokutana nayo fainali ilikuwa imebakiza kijana mmoja. Alirusha tangu awamu ya kwanza. Nilimhesabu na yeye, kihesabio cha pili, si kwa ubaya. Huwa siwezi kuacha. Alipopita 80 alikuwa anashika kiwiko kila baada ya mpira na kukinyoosha, na kila mtu uwanjani alikiona. Watoto wetu walianza kutembea bure besi ya kwanza, mmoja baada ya mwingine. Tulishinda 9 kwa 6. Baada ya kupeana mikono kocha wetu alikwenda kukaa na kocha wao kwenye benchi, wakazungumza muda mrefu, na jedwali letu aliondoka nalo yule mwenzetu.

Wa saba alipata mtu wa mwisho kwa mpira wa pole uliopigwa moja kwa moja mikononi mwake mwenyewe. Hakujua la kufanya nao. Aliushika tu.

Agosti

Mikono yote imefungwa. Mwongozo unataka miezi isiyopungua minne kwa mwaka bila kurusha mashindanoni, na miwili au mitatu kati ya hiyo iwe mfululizo bila kurusha juu ya bega kabisa. Kwa umri wa miaka 9 hadi 12, jumla ya awamu kwa miezi 12 isizidi 80. Nimejumlisha ligi za mtaa na timu yetu: aliyerusha zaidi yuko mbali chini ya hapo. Mwaka jana, kwa kumbukumbu za wazazi wenyewe, wawili walikuwa wameipita.

Jioni tunatazama Williamsport kwenye televisheni na watoto wananiwahi kusoma namba ya mipira pembeni mwa skrini. Little League ilianza kuhesabu mipira 2007, kabla ya watoto hawa kuzaliwa. Kwao ni sehemu ya mchezo kama matokeo yenyewe.

Kikao cha wazazi kimepiga kura kuhusu msimu wa vuli. Tulikuwa tumealikwa kwenye mashindano mawili. Tisa wamesema tusiende, watatu twende. Hatuendi. Watatu hao watoto wao wanaruhusiwa kucheza soka, kuogelea au mpira wa kikapu, na kocha amewaomba wasiwaandikishe kwenye timu nyingine ya besiboli mpaka Januari. Wawili wamekubali. Mmoja anafikiria, na nimemwachia nakala ya kurasa za mwanawe ili popote atakapompeleka azikabidhi.

Kinachobaki kwa msimu ujao: watoto watapanda miaka 13, kilima kinasogea kutoka futi 50 hadi 54, besi zinatoka futi 70 hadi 80. Watahitaji wiki kadhaa kuzoea umbali kabla ya kuhesabiwa straiki, yaani mipira iliyopita ndani ya kisanduku. Magongo mengine hayatafaa tena. Mdakaji wa tatu bado hajawa tayari. Mzazi mmoja amejitolea kushika kihesabio cha pili, nami nitamfundisha Desemba. Mazoezi ya ukumbini yanaanza wiki ya pili ya Januari, mipira 15 kwa kila mtoto kwa siku, si zaidi.